Usizibe ufa: namna mtunzi anavyomgeuza mtu wa historia kuwa mhusika

(Haya ni maongezi niliyofanya na vijana wa vikundi vya maigizo, wengi waliniomba niyaandike, kwahiyo nimeyaweka karibu sawa na nilivyoongea.)

Ndugu zangu, walionizidi umri shikamooni, na nyie vijana poleni na joto la humu ndani. Nimeombwa niongee kuhusu watu wa historia tunaowapandisha jukwaani na sitazunguka, naanza moja kwa moja na Kinjeketile, maana wengi wenu mmemsoma shuleni, wengine mmeshamuigiza, na nikiwauliza sasa hivi Kinjeketile alikufaje, karibu wote mtanijibu kwa kutumia tamthiliya ya Ebrahim Hussein. Siwalaumu hata kidogo. Tamthiliya inakaa kichwani kuliko tarehe. Ila leo nataka tuzirudie hizo tarehe, kwa sababu ndo zinaonyesha kazi aliyofanya Hussein, na kazi hiyo ni kubwa kuliko tunavyofundishwa.

Kinjeketile Ngwale, yule mganga aliyewapa watu maji ya dawa ya kugeuza risasi za Mjerumani, alikuwa mtu wa Ngarambe, upande wa Umatumbi, sio mbali na mto Rufiji. Vita ya Majimaji ilianza mwishoni mwa Julai 1905 pale Nandete, watu walipoenda kwenye shamba la pamba, pamba ya kulazimishwa, wakang'oa miche. Agosti 4, 1905 Kinjeketile akanyongwa na Wajerumani kule Mohoro. Hesabuni wenyewe. Vita haijamaliza hata mwezi mtu wa maji ameshakufa! Boma la Mjerumani kule Mahenge lilivamiwa Agosti 30, watu wakaenda mbele ya bunduki za rashasha wakiamini risasi itageuka maji, na yeye hayupo. Wangoni wakaingia vitani baadae, hayupo. Mjerumani akachoma mashamba na maghala, njaa ikaja ikaua kuliko risasi, makadirio ya waliokufa yanafika mpaka 300,000, na yeye hayupo, alishazikwa zamani. Dawa iliendelea kusambazwa na wengine, ndugu yake akiwa mmoja wao, na wajumbe waliokuwa wanatembea nayo kijiji hadi kijiji.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimpandisha jukwaani kama alivyo una tatizo kubwa. Mhusika mkuu wako anakufa tamthiliya haijaanza. Alisema neno, akanyongwa, neno likaenda peke yake. Hakuwahi kuona lilivyofanya.

Hussein akambakisha hai. Hicho ndo kitu cha kwanza nataka mkione. Kwenye tamthiliya Kinjeketile yupo mpaka watu wameshapigana, wameshaanguka, na mwisho yuko kifungoni pamoja na Kitunda, yule aliyekuwa anawafundisha watu vita, na Mjerumani anataka kitu kimoja tu kutoka kwake, aseme maji ni uongo. Kitunda mwenyewe anamsihi aseme. Na Kinjeketile anakataa. Hakatai kwa sababu bado anaamini yale maji, hapana, anakataa kwa sababu anajua akilitoa hilo neno Mjerumani atalichukua, atalipeleka kila mahali, na watoto watakaozaliwa wataambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigana. Oneni hapo. Hiyo sini haikutokea, haikuwezekana kutokea kwa sababu mwanaume alishanyongwa wiki ya kwanza ya Agosti. Lakini swali lililoko mle ndani ni la kweli kabisa, ni swali ambalo kila mtu aliyebaki hai Umatumbini na Ungindoni na Songea alibaki nalo: je, kwa kuwa maji hayakuzuia risasi, na vita yenyewe ilikuwa uongo? Historia ilimnyima Kinjeketile nafasi ya kulijibu. Mtunzi akampa hiyo nafasi.

Kwahiyo nikisikia mtu anasema Hussein amepotosha historia huwa nachukia kidogo, nisameheni. Mwenyewe kwenye utangulizi wa kitabu ameeleza waziwazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, amefuata matukio kadiri alivyoweza lakini yule mtu wa kweli na huyu wa jukwaani ni wawili, wanafanana ila sio mmoja. Ameandika pale mbele kabisa. Sisi tunaruka utangulizi tunakimbilia onyesho la kwanza, alafu tunalalamika.

Sasa njooni kwenye kitu ambacho mimi nakipenda kuliko vyote, na naomba hapa mniazime masikio vizuri.

Miaka ya sitini mwishoni, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wa idara ya historia walikuwa wanazunguka kusini kukusanya masimulizi ya wazee waliokuwepo wakati wa Majimaji au waliosimuliwa na baba zao. Baadhi ya masimulizi hayo yakachapishwa 1968. Tamthiliya imechapishwa 1969. Mwaka mmoja tu katikati, mji huohuo, na Hussein mwenyewe ni mzaliwa wa upande wa Kilwa. Kuna simulizi moja mle ya jinsi Kinjeketile alivyochukuliwa na maji. Mzee anasimulia kwamba ilikuwa asubuhi kama saa tatu, familia yake wameketi nje wanaota jua, mara wakamuona anaenda kwa tumbo, mikono ameinyoosha mbele, wakamshika miguu wamvute wakashindwa, na yeye analia kwamba wanamuumiza, akatumbukia kwenye lindi la maji akapotea. Ndugu wakalala palepale ukingoni. Wanaojua kuogelea wakazama kumtafuta, hawakuona kitu. Kesho yake saa tatu ileile akatoka, mzima, na nguo zake zimekauka, amezifunga vilevile alivyozifunga jana.

Mtunzi gani ataacha hiyo? Hakuna. Nguo kavu! Mtu akikuletea skripti yenye nguo kavu namna hiyo utasema huyu ana kipaji, kumbe ni mzee wa kijijini anasema kilichosemwa. Hapo Hussein hakuhitaji kubuni sana.

Lakini simulizi linaendelea. Alipotoka akaanza kutabiri, akasema wafu watarudi, simba na chui hawatakula watu tena, alafu akasema kitu ambacho ukikisoma mara ya kwanza unaweza ukakipita bila kukiona, akasema sisi sote ni watu wa Seyyid Said. Basi. Mzee hajaeleza zaidi. Kwa mzee yule ni habari njema, ni kama kusema msiogope, huyu Mjerumani anaondoka. Seyyid Said, yule sultani wa Zanzibar, alishakufa tangu 1856 lakini jina lilikuwa bado linatajwa pwani na bara kama jina la enzi fulani iliyopita.

Mnaona Hussein alifanya nini na hiyo sentensi? Akaigeuza ikawa ndo ufa wa mtu mzima. Kwenye tamthiliya Kinjeketile akiwa amepandwa na Hongo, yule pepo wa majini, anatoa unabii, watu wanashangilia, na mle ndani ya unabii kuna hilo neno kwamba mtakuwa watoto wa Seyyid Said. Baadae akirudi kwenye akili zake anaanza kulitafuna. Watoto wa Seyyid Said maana yake nini, tunamuondoa bwana mmoja ili tuwe chini ya bwana mwingine? Huyu Hongo ametutuma au ametucheza? Na hawezi kurudi nyuma tena kwa sababu Wamatumbi wameshaungana na Wakichi na Wangindo, watu waliokuwa hawaelewani jana, na kilichowaunganisha ni maji. Akisema maji yana mashaka, umoja unakufa. Akinyamaza, watu wanakufa. Pale ndo unapata tamthiliya. Mtu amezaa neno, neno limekua, limemshinda aliyelizaa.

Sasa mniambie, amebuni au hakubuni? Mimi nasema alisoma. Alisoma kama mtunzi anavyotakiwa kusoma. Mwanahistoria akifika kwenye ile sentensi ya Seyyid Said anaandika maelezo yake chini, anaendelea. Mtunzi akifika pale anasimama, anasema hapa pana kitu hakijakaa sawa, na hapo anapiga kambi.

Na kuna la pili la namna hiyohiyo. Masimulizi yanasema Kinjeketile aliwaambia watu wasubiri, wasianze vita mpaka atoe amri, na Wamatumbi wakachoka kusubiri ndo wakang'oa pamba. Kwanini aliwaambia wasubiri? Kuna maelezo ya kueleweka, alitaka dawa ifike mbali kwanza, watu wawe wengi. Hussein akalichukua hilo la kuungana na kufanya mazoezi akaliweka mdomoni mwa Kinjeketile, lakini chini yake akaweka lingine, kwamba mtu anasogeza siku mbele kwa sababu moyoni ameanza kuogopa kile anachokijua. Kwa nje ni amiri mwenye mpango, kwa ndani ni mtu anayetetemeka. Muigizaji anayejua kazi anapata vyote viwili kwa mpigo, anasema subirini kwa sauti ya amri na mikono yake inasema kingine. Waigizaji wengi niliowaona wanaigiza amri tu, ile sauti kubwaa ya kishujaa mwanzo mwisho, mtu anapayuka dakika tisini. Sio Kinjeketile yule. Aliyeandikwa mle ana usiku wake.

Halafu wanawake. Tamthiliya inafunguka na Bi. Kinjeketile na Bi. Kitunda wanaongea habari za njaa, chakula hakuna, waume wako kwenye shamba la Mjerumani. Kumbukumbu za serikali ya kikoloni haziwezi kukupa hayo maongezi, zitakupa pamba ilipimwa kilo ngapi na kodi ilikusanywa rupia ngapi. Maongezi ya jikoni inabidi uyajenge, na ukiyajenga vizuri hadhira inaelewa sababu ya vita kabla mwanaume hata mmoja hajatoa hotuba. Naliacha hapo ila mlishike.

Niwapitishe haraka kwa Shakespeare kwasababu wengine mnadhani mambo haya ni ya kwetu tu. Julius Caesar, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri ikatoka 1963, na akairudia ikatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Shakespeare alikuwa anafuata kitabu cha Plutarch, mwandishi wa kale aliyeandika maisha ya watu wakubwa wa Roma, na alikuwa anakata na kuunga bila aibu. Vita ya Philippi kwenye historia ni mapigano mawili, yamepishana kama wiki tatu, kwake ni siku moja. Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, na Antony, rafiki yake Kaizari, kwa Plutarch hawakuongea kwenye jukwaa lilelile kwa mpigo baada ya mauaji, kwake wanafuatana, mmoja anashuka mwingine anapanda, na ndo maana ile sehemu inawaka moto. Lakini kinachonigusa mimi ni kidogo zaidi. Kuna mahali Kaizari anajigamba kwamba yeye haogopi mtu, yeye siku zote ni Kaizari, na hapohapo, pumzi ileile, anamwambia Antony pita upande wangu wa kulia, sikio hili halisikii. Plutarch hana habari ya sikio bovu. Shakespeare kalibuni. Mtu anayetawala dunia yote, na upande mmoja hasikii, na wanaopanga kumuua wamemzunguka. Sikio moja tu limefanya kazi ambayo kurasa tano za hotuba zisingeifanya.

Haya, tuvuke mpaka twende Kenya, maana bila Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, wale wapiganaji wa msituni waliompinga Mwingereza, haya maongezi hayakamiliki, na hapa mambo ni mazito zaidi kwa sababu ni ya juzi, kuna watoto na wajukuu, kuna watu waliokuwa msituni.

Kimathi alikamatwa Oktoba 21, 1956 Nyeri, amepigwa risasi ya mguu. Mmeiona ile picha, amelala chini na pingu, amevaa ngozi ya chui. Akashtakiwa Nyeri Novemba hiyohiyo kwa kukutwa na bastola na risasi, jaji mkuu O'Connor akamhukumu kifo, akanyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Mwaka 1974 Kenneth Watene akatoa tamthiliya inayoitwa kwa jina lake, Dedan Kimathi, na mle Kimathi ni kiongozi aliyezongwa na wasiwasi, anawashuku watu wake, mkali mpaka anatisha. Miaka miwili tu baadae, 1976, Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo wakatoa ya kwao, ambayo Kiswahili chake tunaijua kama Mzalendo Kimathi. Mtu huyohuyo! Kimathi wa pili anasimama mahakamani anaikataa mahakama yenyewe, hakubali kujibu shtaka chini ya sheria ya mkoloni. Na yule Shaw Henderson wa mle sio mtu mmoja wa historia. Ian Henderson ndo afisa wa polisi aliyeongoza msako wa Kimathi msituni, jaji alikuwa mwingine, lakini kwenye tamthiliya Shaw Henderson anakaa kiti cha jaji alafu anamfuata Kimathi mpaka selo kumbembeleza asalimu amri. Mwindaji na hakimu wamewekwa kwenye mwili mmoja. Hamna haja ya hotuba ya kueleza kwamba ile mahakama haikuwa mahakama, hadhira inaona kwa macho.

Oktoba 1976 ikachezwa ukumbi wa taifa, Nairobi, na watu hawakukubali kukaa kwenye viti, wimbo wa mwisho ulipoanza waliungana na waigizaji wakacheza wakatoka nao nje mpaka barabarani. Lazima muelewe ilikuwa ni nini kwao. Mau Mau ilikuwa bado ni kundi lililopigwa marufuku kisheria, marufuku ya mkoloni iliyobaki mpaka 2003, serikali huru ikiwa imeshakaa madarakani miaka arobaini. Watu walinyimwa Kimathi kwa miaka mingi, na waandishi wakawapa Kimathi aliyesimama wima. Na kuna kitu kitamu hapo, Kimathi mwenyewe ujanani alishawahi kuanzisha kikundi cha maigizo kwao Karunaini. Alikuwa mwenzetu.

Sasa nitasema ninachoamini, na najua kuna watakaonipinga. Naiheshimu sana tamthiliya ile na ninalia nikiisoma, lakini zile sini za selo, wanapokuja watu mmoja baada ya mwingine kumshawishi, huwa najua kabla hajafungua mdomo kwamba atakataa. Hakuna sekunde hata moja ninayoogopa kwamba atakubali. Walikuwa na sababu yao, walikuwa wanajibu miaka ishirini ya matusi, na wao wenyewe wamesema kwenye utangulizi kwamba hawakukusudia kunakili ile kesi ya Nyeri, wameiunda upya kwa ubunifu. Mwaka 1976 hicho ndo kilihitajika. Mimi naongea na nyie mnaoandika leo.

Na leo kuna kitu wao hawakuwa nacho. Jalada la ile kesi, lililokuwa halionekani miaka na miaka, limepatikana na likachapishwa kitabu 2017. Na mle ndani Kimathi hakukaa kimya. Alijitetea. Alisema alikuwa anatoka msituni kwenda kujisalimisha. Haya, vijana, mna karatasi hiyo mkononi, mtafanyaje? Najua kishawishi cha kwanza ni kuificha, tusimwaibishe shujaa. Naomba sana msifanye hivyo. Fikirini mtu ana jeraha la risasi, kamba iko mbele yake, amekaa msituni miaka, wenzake wengi wamekufa, wengine wamejisalimisha na sasa ndo wanaomwinda. Anasimama na kusema maneno hayo. Anadanganya ili aishi? Anasema kweli? Wakili ndo kamshauri? Na yakishatoka mdomoni anayasikiaje mwenyewe? Mimi huyo mtu nitamlipia kiingilio usiku wowote. Naye ni shujaa zaidi kwangu, kwa sababu najua alichokuwa anakipoteza.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye nyumba ni sawa kabisa. Kwenye kazi yetu ukiziba ufa umebaki na ukuta, na hakuna anayekata tiketi kuja kuangalia ukuta. Nimeona michezo mingi ya sherehe za mashujaa ambapo shujaa anaingia anasema nitaitetea ardhi yangu mpaka tone la mwisho, anapigana, anakufa, ngoma inapigwa. Watu wanapiga makofi kwa adabu. Wakifika getini wameshamsahau.

Ila mipaka ipo, msije mkasema nimewaruhusu kila kitu. Unaweza kusogeza kifo cha mtu, kuunganisha watu wawili, kuzaa maongezi ambayo hayakuwepo. Usimbebeshe marehemu mwenye jina lake na ukoo wake hatia ambayo hakuna ushahidi wowote kwamba aliifanya, kama vile usaliti. Wajukuu zake wako kijijini, watachekwa sokoni kwa sababu yako. Ukihitaji msaliti, mbuni na mpe jina lake. Na useme mwanzoni ulichobadilisha, kama Hussein alivyosema, ukurasa mmoja unatosha.

Kabla sijakaa nawaachia kazi. Songea 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni wengi kwa pamoja, na kati yao kulikuwa na mwanamke, Nduna Mkomanile (nduna ni cheo cha kiongozi kwa Wangoni). Tunajua alihusika kuyapokea na kuyasambaza maji Ungoni, tunajua mjumbe aliyeleta dawa huko, Omari Kinjala, alikuwa karibu naye, tunajua alinyongwa. Ni machache. Lakini oneni alipo kwenye kalenda, Kinjeketile alishakufa tangu Agosti 1905, yeye anayapokea maji baada ya mwenye maji kunyongwa. Je, habari za Mohoro zilikuwa zimemfikia? Kama zilimfikia, alimwambia nani? Na kama alijua na bado akawapa watu dawa, alikuwa anawapa nini hasa mkononi?

Nendeni Makumbusho ya Majimaji pale Songea, kaeni na wazee, sikilizeni mpaka msikie ile sentensi ambayo msimuliaji anaipita haraka. Atakayeniletea onyesho la kwanza la Mkomanile, hata kama limeandikwa kwa penseli, nitalisoma usiku huohuo na tutalifanyia mazoezi pamoja. Asanteni sana.